Shylock wa Muleba Anaitwa "Tajiri"

Juzi nilipanda Hiace hapa Bukoba nikaenda Kamachumu, wilaya ya Muleba, kumwona mjomba. Nimerudi na jambo.

Tuanzie Nairobi. Kule ukichacha unaambiwa nenda kwa "shylock", yaani mkopeshaji wa mtaani mwenye riba ya moto. Wengi wanaolitamka hawajui limetoka wapi. Limetoka kwenye mchezo wa Shakespeare, alioutafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mle ndani Shylock anakopesha kwa sharti kwamba ukishindwa kulipa, anakukata ratili moja ya nyama ya mwili wako! Wayahudi wengi jina hilo linawaudhi, maana Shakespeare alimfanya Myahudi, na wana haki. Lakini mtaani limeshakuwa neno. Ukilisikia, unajihadhari.

Sasa mjomba. Januari alikwama hela ya shule ya mtoto, akauza butura: kahawa ikiwa bado mbichi mtini. Bei akapanga mwenye fedha. Msimu ulipofika, magunia yakapita mbele ya mlango wake kwenda kwa mwingine, yeye anayahesabu kwa macho. Ratili ya nyama hiyo!

Tukiwa barazani, yule mnunuzi akapita na pikipiki. Nikadhani mjomba atamwita mnyonyaji. Wapi! Alisimama, akavua kofia: "Karibu tajiri!" Akampa kiti na rubisi juu.

Nilicheka. Jamani, adui akiitwa tajiri, nani atamkimbia?

Kule Venisi, Porshia alimshinda Shylock kwa kuusoma mkataba: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Nikamuuliza mjomba karatasi yake ilisemaje. Hakuisoma, alitia dole gumba tu. Nikaanza kumpa somo. Si unajua sisi akina nshomile?

Akanikatiza taratibu: "Mwanangu, kabla sijaenda kwake nilikupigia wewe."

Kicheko kikaisha. Ni kweli alipiga. Nilimwambia nimechacha, na jioni ile ile nikanunua viatu. Ndivyo nilivyovaa pale barazani.

Basi wewe uliye mjini, Januari ijayo mzee akipiga simu, pokea. Usipopokea wewe, tajiri atapokea.

Tukutane wiki ijayo.