Kipimo cha jeni hakitambui bingwa wa kesho

KUNA biashara inayowalenga wazazi wenye tamaa ya kulea bingwa. Mzazi hupangusa ndani ya shavu la mtoto kwa kijiti cha pamba, akakituma kwenye maabara, kisha akaelezwa iwapo mwanawe ameumbiwa mbio fupi au ndefu. Mnamo 2008, kampuni moja ya Boulder, Marekani, ilikuwa ikiuza huduma hiyo kwa dola 149.

Kipimo hicho huangalia jeni iitwayo ACTN3, inayotengeneza protini ya misuli ya kasi. Mwaka wa 2003 watafiti wa Australia waligundua kwamba miongoni mwa wanariadha shupavu wa michezo ya kasi nchini humo, ni wachache mno waliokosa protini hiyo, ilhali takriban watu 18 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya huikosa. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli. Walioharakisha ni wafanyabiashara.

Hebu tukipeleke kipimo hicho Iten. Utafiti uliochapishwa 2007 ulibainisha kuwa Wakenya wanaoikosa protini hiyo ni takriban mmoja tu kati ya 100. Hivyo basi, karibu kila mtoto wa Bonde la Ufa angeambiwa kuwa mwili wake unafaa mbio za mita 100, na kocha mtiifu angemwondoa katika masafa marefu, yale yale yaliyoiletea nchi hii sifa! Jeni nyingine inayohusishwa na ustahimilivu, ACE, nayo ilichunguzwa miongoni mwa wakimbiaji wa Kenya na matokeo kuchapishwa 2005. Haikuwatofautisha mabingwa na wananchi wa kawaida.

Si kwamba urithi hauna lake. Uchunguzi wa mapacha wa kike nchini Uingereza, uliochapishwa 2007, ulikadiria kuwa asilimia 66 ya tofauti baina ya watu katika kufikia kiwango cha uanariadha hutokana na urithi. Lakini urithi huo umetawanyika katika jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Isitoshe, vijana hawabalehi kwa wakati mmoja: anayewapita wenzake akiwa na miaka 13 huenda ametangulia kurefuka tu.

Julius Yego alizaliwa Nandi, kitovu cha wakimbiaji, lakini akashika mkuki, akajinoa kwa kutazama video za intaneti, na mwaka wa 2015 akatwaa ubingwa wa dunia mjini Beijing kwa kurusha mita 92.72.

Mwaka huo huo, jopo la wataalamu wa kimataifa lilitoa tamko kwamba mtoto au mwanariadha chipukizi asipimwe jeni kwa lengo la kusaka kipaji. Wasimamizi wa michezo ya shule wangefaa kuuandika msimamo huo katika kanuni zao. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 tayari huhesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, ila huruhusu mzazi kutoa idhini kwa niaba ya mtoto, na mzazi ndiye anayeshawishiwa na tangazo.