Nundu hiyo imetoka mti gani?

Leo naweka programu kando kidogo. Wanaonijua wanajua kwamba nikichoka na kompyuta, mimi hukimbilia msumeno wangu mdogo wa umeme, ule wenye wembe mwembamba. Unatoboa tundu kwa keekee, unapitisha wembe, unakata umbo katikati ya ubao bila kugusa ukingo.

Ubao mtamu kuliko yote ni wa nundu, yaani ule uvimbe unaoota kwenye shina la mti. Nyuzi zake zimejikunja ovyo, kila kipande na sura yake. (Umenivunjia nyembe nyingi!)

Lakini jamani, tusiununue bila kuuliza umetoka wapi. Huko California, nundu za miti ya redwood zina machipukizi yaliyolala. Mti ukiungua au kuanguka, huweza kuchipua upya kutoka humo. Wezi huingia na misumeno ya mnyororo, wakakata nundu mti ukiwa hai na kuuacha na donda wazi. Mwaka 2014 wizi ulizidi hadi Hifadhi ya Redwood ikafunga usiku barabara moja ipitayo msituni. Na wateja ni nani? Ni sisi tunaotaka saa za ukutani.

Sisi waandika programu tumezoea kunakili. Nundu haina nakala.

Juzi nilimwuliza muuzaji mmoja mtandaoni, akanijibu eti "ni mbao safi tu". Sikununua. Sasa nakata mjakaranda ulioangushwa na upepo karibu na kwetu. Nundu yake ni ndogo kama sahani. Picha nitaweka nikimaliza.