Haki ya mfanyabiashara huanzia dirishani kwa karani

JUBA, Sudan Kusini

Mfanyabiashara anayeleta unga na mafuta ya kupikia kutoka Kampala hadi soko la Konyo Konyo hukutana na maamuzi mengi kabla ya kuuza kilo ya kwanza. Ofisa mmoja anakadiria ushuru, mwingine anakagua ubora, wa tatu anazuia lori. Kila uamuzi una gharama yake, na wowote unaweza kuwa na kosa. Je, anayeona ameonewa anasikilizwa wapi, na nani wa kumwelekeza?

Mfano wa karibu ni wa Mei 2023, malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalipozuiwa Nimule kwa madai ya sumukuvu. Suala hilo lilifika hadi ngazi ya serikali. Lakini mazungumzo ya wakubwa huchukua muda, na mahindi hayasubiri. Mwenye shehena katika hali kama hiyo anahitaji kikao cha haraka, majibu ya maabara mkononi na nafasi ya kuomba sampuli ipimwe tena.

Kwa upande wa forodha, njia imeandikwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa aliyeathiriwa siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu kwa maandishi na kutoa sababu. Akikaa kimya, ombi huhesabiwa limekubaliwa. Asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa katika baraza la rufaa za kodi.

Uganda ilitunga sheria ya baraza lake mwaka 1997, Tanzania 2000 na Kenya 2013. Sudan Kusini, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2016, bado inaingiza sheria za pamoja hatua kwa hatua. Kwa hiyo swali la kwanza Juba ni hili: uamuzi umetolewa chini ya sheria gani?

Hapo ndipo kazi ya watumishi wa baraza inapoonekana. Rufaa inaweza kufa kabla ya kuwafikia waamuzi. Karani asipogonga muhuri wa tarehe, mlalamikaji hana namna ya kuthibitisha kwamba hakuchelewa. Asipotaja nyaraka zinazotakiwa, mtu anarudishwa Nimule kufuata karatasi moja huku siku zikihesabika.

Karani mwema anaeleza fomu, ada, muda na utaratibu wa kikao. Hamfundishi mtu la kujitetea, wala hajadili shauri faraghani na ofisa anayelalamikiwa. Anachomwambia upande mmoja, anamwambia na wa pili.

Lugha nayo ni kizuizi. Katiba ya 2011 inaitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, ilhali sokoni watu hupatana kwa Kiarabu cha Juba, na madereva wengi kutoka Kenya na Uganda hutumia Kiswahili. Mkalimani asitoke katika ofisi inayolalamikiwa. Atafsiri kila neno, asifupishe.

Kuna ugumu usiofichika. Watumishi wa umma Sudan Kusini wamepitia miezi mingi bila mishahara. Karani asiyelipwa hushawishika kuuza huduma, na hapo mwenye fedha husikilizwa kwanza. Kubandika orodha ya ada ukutani, kutoa risiti na kupanga mashauri kwa namba ya kufika hakuhitaji jengo jipya, lakini kunahitaji serikali ilipe watu wake.

Ngazi ya juu ipo pia. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, yenye makao Arusha, hupokea mashauri ya watu binafsi dhidi ya nchi wanachama ndani ya miezi miwili, na imefungua masjala ndogo katika miji mikuu kadhaa kupunguza safari. Hata hivyo, mwenye lori moja hawezi kupeleka kila mzozo huko.

Kwa sasa, kinga ya mfanyabiashara ni karatasi: adai uamuzi kwa maandishi, tarehe, jina la ofisa na risiti, kisha aanze kuhesabu siku palepale. Baraza litakalowafaa wauzaji wa Konyo Konyo ni lile ambalo karani wake anazihesabu siku hizo pamoja nao.