Chuo Kidogo, Swali Kubwa

Mwandishi mmoja gazetini amewaonya wazazi wa Nzega: digrii ya fizikia isomwe chuo kikuu kikubwa tu, kwingine ni kutupa ada. Ndugu yangu, hapana: swali kubwa huweza kuanzia mahali padogo.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friji yakaganda kabla ya yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza sababu Denis Osborne, mhadhiri kutoka chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi 13, wote wa sheria. Osborne alimpa fundi wa maabara kazi ya kupima. Maji ya moto yakatangulia kuganda, na fundi, masikini, akaahidi kurudia mpaka jibu litoke “sahihi”! Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka 1969. Wanasayansi wanabishana mpaka leo.

Mkwawa hiyo sasa ni chuo kishiriki, kinaandaa walimu wa sayansi. Vifaa? Hapo sikupingi: watu wanane kugombea mita moja ya umeme si elimu. Lakini kwenye chuo kidogo, darasani mkiwa kumi na wawili, ukiunga waya vibaya mhadhiri anakuona. Kwenye ukumbi wa mamia, Mpemba angenyoosha mkono saa ngapi?