Magari Yarukayo na Haki ya Mtazamaji

Wahenga walisema mchezea tope humrukia. Methali hiyo ina haki ndani yake, kwa kuwa humlipa kila mtu matokeo ya mchezo alioutaka mwenyewe. Lakini iko michezo ya zama hizi ambayo tope lake halimrukii mchezaji peke yake. Humrukia pia aliyesimama kando, ambaye hakushika usukani wala hakuulizwa kama yu tayari kurukiwa. Mmojawapo wa michezo hiyo ni mashindano ya pikapu za jangwani ambayo yamehamishiwa katika barabara za lami za miji.

Asili ya mashindano hayo ni Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mickey Thompson, mwana mbio mashuhuri wa California, alianza kujaza udongo katika viwanja vya mpira ili watu wa mjini wapate kuyaona magari ya jangwani wakiwa wamekaa vitini. Mbio zake zilikoma katika miaka ya 1990. Mwaka 2013 Robby Gordon, aliyewahi kushiriki mbio hizo ujanani, aliufufua mchezo kwa jina la Stadium Super Trucks. Punde si punde magari yakatoka viwanjani yakaingia mitaani: Long Beach, Toronto, na tangu mwaka 2015, Adelaide huko Australia. Katika barabara ya lami hakuna vilima vya udongo, hivyo huwekwa majukwaa ya metali yenye mwinamo. Gari hufika kwa kasi, hupanda mwinamo huo, huruka, kisha hutua mbele kwenye lami ngumu. Injini ni ya silinda 8, yenye nguvu zipatazo farasi 600, na gari lote lina tungamo la kilo 1,300 hivi. Magari yote hujengwa kwa namna moja, ili ushindi uwe wa dereva na si wa fedha.

Msimu wa mwaka 2018 wafaa kuchunguzwa kuliko mingine. Ndani yake zilikuwamo mbio za Adelaide, Long Beach na Detroit, na bingwa wake alikuwa Matthew Brabham, mjukuu wa Jack Brabham aliyepata kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mara tatu. Lakini msimu huo haukumbukwi kwa ubingwa tu. Mwezi Mei, katika kiwanja cha Barbagallo karibu na jiji la Perth, gurudumu lilichomoka katika gari, likaruka, likapiga daraja la watembea kwa miguu lililo juu ya njia ya mashindano. Baadaye mwaka huo huo chama kinachosimamia mbio za magari nchini Australia, ambacho wakati huo kiliitwa CAMS, kiliyasimamisha mashindano hayo nchini humo kwa sababu za usalama. Mashabiki wengi walikasirika. Walisema kwamba wazee wa kamati wanaogopa kivuli chao, na kwamba hatari ndiyo chumvi ya mchezo.

Je, kamati ilikosea? Swali hilo halijibiwi kwa hasira wala kwa mapenzi. Hujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe haizidi ile ya kidato cha tatu au cha nne.

Tuseme gari linaacha jukwaa kwa mwendokasi wa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, katika pembe ya digrii 20. Kasimwelekeo yake ya wima ni mita 8.55 kwa sekunde, na ya mlalo ni mita 23.5 kwa sekunde. Kwa mchapuko wa graviti wa 9.8, gari litakaa hewani muda wa sekunde 1.74, litapanda mita 3.7, na litatua umbali wa mita 41 kutoka lilipoachia. Mwanafunzi aliyezoea kukokotoa habari za jiwe lililorushwa ataona kwamba gari zima, pamoja na injini na dereva wake, halina upendeleo wowote. Likishaacha ardhi, ni jiwe.

Lakini si jiwe lisilo na akili kabisa. Dereva anaweza kuugeuza mwelekeo wa pua ya gari lake angali hewani. Akikanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma huongeza mzunguko, na mwili wa gari, ili kusawazisha mzunguko huo, huinua pua. Akikanyaga breki, pua huinama. Njia ya kitovu cha graviti haibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni mkao wa gari wakati wa kutua. Hapo ndipo penye ustadi wa mchezo, na hapana shaka ni ustadi unaostahili kupigiwa makofi.

Kutua ndiyo shida yenyewe. Gari hufika chini likiwa na kasi ya wima ya mita 8.55 kwa sekunde, ambayo haina budi kumalizwa. Kama springi na shokapu zake zina nafasi ya kubonyea nusu mita, wastani wa mchapuko wa kuisimamisha kasi hiyo ni mita 73 kwa sekunde kwa sekunde. Kani inayopitia magurudumu ni kama nyutoni 108,000, zaidi ya mara 8 ya uzito wa gari. Kama nafasi hiyo ingekuwa sentimita 10 tu, kani ingefika mara 38 ya uzito. Hiyo ndiyo sababu gari la kawaida likijaribu kuruka hivyo litavunjika, nayo pikapu hii itaendelea na safari. Springi huipokea nishati, kisha shokapu huigeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Shokapu ni mla nishati. Bila yeye gari lingedunda tena na tena kama mpira.

Sasa na litazamwe gurudumu lililochomoka. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Gurudumu likiwa peke yake limebaki na springi, kwa kuwa tairi lililojaa upepo ni springi, lakini limepoteza shokapu. Mla nishati amebaki kwenye gari. Tena halina breki wala usukani. Tuchukue gurudumu la kilo 40 linalokwenda mita 25 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni jouli 12,500, bila kuhesabu nishati ya kuzunguka kwake. Ili kulipandisha gurudumu hilo hadi kwenye daraja la urefu wa mita 6 zahitajika jouli 2,352, isiyofika sehemu moja ya tano ya nishati iliyo nayo. Lau nishati yote ya mwendo ingeelekezwa juu, gurudumu lingepanda hadi mita 32 hivi. Linachohitaji ni kitu kimoja tu: ukuta, au kipande cha gari jingine, cha kuugeuza mwelekeo wake. Na barabara ya mashindano mjini imepakana na kuta pande zote mbili.

Kwa hiyo tukio la Barbagallo halikuwa muujiza wala mkosi. Lilikuwamo ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza. Kila kutua huzipa nati, habu na rimu mzigo ulio mara nyingi ya ule wa kawaida, na metali ikipigwa mara nyingi huchoka. Yeyote aliyeyachora magari hayo alijua nguvu za kutua. Swali ni kama aliyepanga mahali pa watazamaji naye alizijua.

Tena maarifa ya jambo hili hayakuwa mapya. Katika Formula One, magurudumu yalianza kufungwa kwa kamba imara tangu mwaka 1999 ili yasiruke mbali gari linapovunjika. Hata hivyo mwaka 2000 huko Monza, na mwaka 2001 huko Melbourne, wahudumu wawili wa kujitolea walipoteza maisha kwa kupigwa na magurudumu yaliyochomoka. Kamba ziliimarishwa, na tangu mwaka 2011 kila gurudumu likapewa kamba mbili. Melbourne ni katika nchi ile ile ya Australia. Kamati iliyofanya uamuzi mwaka 2018 haikuwa ikiogopa kivuli. Ilikuwa ikikumbuka maiti.

Watetezi wa mchezo wana hoja mbili zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza husema kwamba hatari inajulikana na wote, na kwamba anayenunua tiketi ameikubali. Hoja hii ni kweli kwa dereva. Mwezi Juni 2016, katika mbio za Detroit, dereva mmoja kutoka Australia aliumia vibaya usoni gari lake lilipopinduka. Msiba ule ulikuwa mkubwa, lakini mhusika alikuwa mtu mzima aliyejua kazi yake, amevaa kofia ngumu, amefungwa mkanda ndani ya ngome ya mabomba ya chuma. Mtoto anayevuka daraja akiwa na gazeti la mashindano mkononi hana kofia wala ngome. Baba yake alinunua tiketi ya kutazama hatari, wala hakununua sehemu ya hatari hiyo. Kuyachanganya mambo hayo mawili ni kosa la mantiki kabla ya kuwa kosa la maadili.

Hoja ya pili husema kwamba ukiondoa hatari umeuondoa mchezo. Hii nayo ina ukweli wake, lakini haipingi hesabu. Urefu wa mruko hautegemei daraja liko wapi. Gari litaruka mita 41 zile zile hata kama watazamaji wamesogezwa nyuma, uzio umeinuliwa, na daraja limefungwa magari yanapopita. Furaha ya mchezo imo katika mruko, na ulinzi wa mtazamaji haupunguzi mruko huo hata sentimita moja.

Kwa sababu hiyo hiyo haifai kusifu marufuku ya milele. Kufunga mlango ni rahisi, na mtu aliyefunga mlango hajifunzi kitu. Mwaka 2019 wasimamizi wa Australia na waandaaji wa mashindano walifikia mapatano, na mwaka 2020 magari hayo yaliruka tena Adelaide. Njia hiyo ndiyo iliyo sawa: kusimamisha, kupima, kisha kuruhusu. Lawama iliyobaki ni moja, kwamba kipimo kilikuja baada ya gurudumu kuruka. Sheria njema ingetaka hesabu iletwe mezani kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa, nayo iwe hesabu ya yule aliyesimama kando, wala si ya dereva peke yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba habari hizi ni za ng'ambo tu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 zilirudi katika ubingwa wa dunia zikiwa Naivasha. Katika mbio za namna hiyo njia ni ndefu mno kuzungushiwa uzio, na watu husimama palipo na kona kali au tuta la kurushia magari, yaani pale pale ambapo gari lina uwezekano mkubwa wa kuacha njia. Anayekaa upande wa nje wa kona amejiweka katika mstari mnyoofu ambao gari litaufuata msuguano wa matairi ukishindwa. Sheria ya kwanza ya Newton haimtambui shabiki. Tena si mbio tu. Lori lililolegea nati hupita katika barabara kuu kila siku, na gurudumu lake hufuata kanuni zile zile likichomoka karibu na kituo cha basi.

Hapa pana kazi ya mwalimu. Kwa muda mrefu habari za vitu virushwavyo zimefundishwa kwa mifano ya mizinga na mawe, na mwanafunzi hutoka darasani akijua kanuni bila kujua inamhusu nani. Jaribio dogo latosha kuanzia. Mpira na mfuko wa kitambaa uliojaa mchanga viangushwe kutoka urefu wa mita moja, na kila kimoja kipimwe kimerudi juu kiasi gani. Mpira utadunda, mfuko utalala ulipoanguka. Mwanafunzi ataona kwa macho yake tofauti kati ya gurudumu lililochomoka na gari lenye shokapu nzima. Kisha apewe mchoro wa kona ya barabara anayoijua, aulizwe asimame wapi, na atoe sababu zake kwa tarakimu.

Mwanafunzi akiweza kulijibu swali hilo, ameipata sayansi iliyo na faida. Siku moja huenda akawa mhandisi wa kuchora magari yarukayo, au mjumbe wa kamati ya kuyaruhusu, au mtazamaji tu mwenye watoto wawili kando ya njia. Katika nafasi zote tatu atahitaji hesabu ile ile. Mchezea tope na arukiwe, maana ndiye aliyelitaka. Asiyecheza ana haki ya kurudi nyumbani na nguo zake zikiwa safi.