Darubini ya Euclid na Haki Yetu ya Kujua

Wako wasemao kwamba mali itumiwayo katika kuzitazama nyota ni israfu, maadamu duniani mngali na njaa na maradhi. Nami, ingawa naiheshimu hoja hiyo, siikubali. Darubini ya Euclid, iliyorushwa na Shirika la Anga la Ulaya tarehe 1 Julai 2023 na ambayo sasa iko yapata kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, imekusudiwa kuchunguza kwa miaka 6 theluthi moja ya mbingu, ili wanazuoni wa falaki waitambue maada ya giza, ambayo, kama upepo ujulikanavyo kwa kuvimba kwa tanga, hudhihirika kwa mvuto wake tu, pamoja na nishati ile iharakishayo kutanuka kwa ulimwengu. Viwili hivyo, kwa hesabu zao, ni kiasi cha asilimia 95 ya vyote vilivyopo. Na kwa kuwa matokeo ya darubini hiyo hutangazwa kwa awamu, bila malipo, kwa kila ayatakaye, yavipasa vyuo vikuu vyetu visingoje kusimuliwa na wengine, bali viwafunze vijana kuyachambua wenyewe, kwani fadhila ya elimu humfikia aitafutaye.