Banda la sungura lisilo na wavu wa maana ni dhulma

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, nalo ni wavu wa banda la mnyama tunayemfuga nyumbani. Hapa Sumbawanga, kuanzia Katandala na Kizwite hadi Chanji na Majengo, si rahisi kupita mtaa mzima usikute nyumba yenye sungura, njiwa, simbilisi au kuku wachache wa watoto. Si vibaya. Vibaya ni namna tunavyowaweka.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kijana wangu alipewa sungura wawili na mjomba wake. Nikapigilia mbao za maboksi, mbele nikaweka wavu wa kuku, ule wenye matundu ya pembe sita, kwa sababu ndio niliokuwa nao. Jike likazaa. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, katika baridi ile tunayoijua sisi wa Ufipa, mtoto akaja kuniamsha: "Baba, watoto wa sungura hawapo." Tukaenda. Wavu ulikuwa mzima, haukukatika hata mahali pamoja. Ndani kulibaki manyoya na damu kidogo, na pembeni mwa banda kinyesi cha panya. Mtoto akaniuliza: "Sasa Baba, waliingiaje?" Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya ukweli kwamba mlango niliuacha wazi mimi mwenyewe, matundu mia kwa mpigo.

Ndugu msomaji, wavu wa kuku ulitengenezwa ili kuku asitoke. Haukutengenezwa ili adui asiingie. Tundu la inchi moja ni kama sentimita mbili na nusu, na panya wa kawaida anapita hapo bila taabu. Nyoka mwembamba naye anapita. Paka na nguchiro hawapiti, lakini huingiza mkono wakamvuta mnyama aliyelala karibu na wavu. Isitoshe, waya wake ni mwembamba, na ukishika kutu mnyama mwenye nguvu anaupasua. Unaofaa ni wavu wa waya uliochomelewa, wenye matundu ya mraba ya nusu inchi. Huo unamzuia panya mkubwa. Kama shida yako ni vipanya vidogo vinavyoweza kupenya tundu la unene wa penseli, basi tafuta wa robo inchi.

Wapo wanaotumia chandarua. Hili nalisema kwa uchungu. Tangu Hati Punguzo ilipoanza mwaka 2004, na baadaye kampeni za kugawa vyandarua bure, lengo lilikuwa mama mjamzito na mtoto walale salama na malaria. Chandarua kilichowekwa dawa kikitundikwa bandani, panya anakitafuna kwa usiku mmoja, sungura naye anatafuna kitambaa chenye kiuatilifu, na mtoto analala wazi aumwe na mbu. Hapo umepoteza pande zote tatu.

Sasa kwa nini jambo hili liandikwe katika safu ya afya? Kwa sababu panya hafuati sungura peke yake. Anafuata pumba, mahindi na majani yaliyomwagika chini ya banda. Sisi huku ni watu wa mahindi na maharage. Baada ya mavuno magunia huwa ndani ya nyumba, na panya wa shambani naye anahamia. Tukiongeza na banda lililo wazi jikoni au chini ya kitanda, tumemwalika rasmi.

Tukumbuke yaliyotokea mkoani Lindi, wilaya ya Ruangwa, mwaka 2022. Watu waliugua homa, wengine wakatokwa damu puani, na wananchi wakaingiwa na hofu. Mwezi Julai mwaka huo Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, na kwamba kati ya wagonjwa 20 waliobainika, watatu walifariki. Vimelea vya ugonjwa huo hutoka katika mkojo wa wanyama, wakiwemo panya, na humwingia mtu kupitia michubuko, macho, mdomo, au maji na chakula kilichochafuliwa. Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za kuua bakteria ukiwahi hospitali. Lakini kwa nini tungoje hospitali wakati panya anaweza kuzuiliwa kwa wavu na ufagio?

Wenye njiwa nao wana lao. Kinyesi cha njiwa kilichorundikana na kukauka huwa na kuvu ambao vumbi lake likivutwa linaweza kudhuru mapafu, na kwa watu wenye kinga dhaifu mmoja wa kuvu hao husababisha homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo usifagie banda la njiwa likiwa kavu. Nyunyizia maji kwanza, funika pua na mdomo kwa kitambaa, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Kuna jingine linalotuhusu Waislamu moja kwa moja. Wengi wetu Afrika Mashariki tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo yanahesabu kinyesi cha mnyama, hata yule anayeliwa, kuwa ni najisi. Wenzetu wa Maliki na Hanbali wana rai nyepesi zaidi kwa wanyama wanaoliwa. Sasa wewe unayefuata rai ya kwanza, kuku wanalala sebuleni na msala umetandikwa hapohapo, unaswali juu ya nini? Tunamhimiza mtoto atie udhu vizuri, kisha anasujudu mahali ambapo jana usiku simbilisi walikuwa wakizunguka.

Najua utetezi uliopo. Mtu atasema: "Sheikh, Sumbawanga ni baridi, mji uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, upepo unapiga usiku kucha. Nikimweka nje atakufa. Na wezi je?" Ni kweli. Lakini dawa ya baridi ni banda zuri, si kitanda cha mtoto. Ziba pande tatu kwa mbao na juu weka bati lenye mteremko, ili upepo na mvua visiingie. Wavu uwe upande mmoja tu, ule usioelekea upepo. Kwa mpango huo hata gharama inashuka, maana kipande kidogo cha wavu imara kinatosha. Banda liegemezwe ukuta wa nyumba, chini ya dirisha lako, likafungwa kwa kufuli. Mwizi utamsikia.

Katika kufunga wavu, zingatia haya:

Kwanza, uweke upande wa ndani wa mbao kama unafuga sungura, kwa sababu wanatafuna mbao. Ncha zote za waya zilizokatwa zikunjwe na kufunikwa kwa papi, zisije zikamchoma mnyama au mkono wa mtoto anayelisha.

Pili, usitegemee misumari iliyopindwa. Tumia misumari ya U, kila baada ya upana wa vidole vinne. Panya hutafuta kona iliyolegea.

Tatu, banda liinuliwe kiasi cha mita moja kutoka chini, na kila mguu uvikwe bati laini ili panya ateleze.

Nne, sakafu ya wavu inasaidia kinyesi kudondoka, lakini waya mtupu unamtoa sungura vidonda vya miguu. Mwekee ubao na nyasi kavu sehemu ya kupumzikia. Chini weka bati la kupokea uchafu, na limwagwe kila siku.

Tano, wavu mpya uliopakwa zinki usugue kwa brashi na siki, uusuuze na kuuanika juani. Ndege wenye tabia ya kung'ata waya wanaweza kudhurika na zinki hiyo.

Ndugu msomaji, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo nchini, lakini Muislamu alikwishaambiwa kabla yake. Tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Kosa lake halikuwa kufuga. Kosa ni kumfungia kiumbe mahali ambapo hawezi kujiokoa, kisha usimtimizie haki yake. Sungura wa porini akimsikia nguchiro anakimbia. Huyu wa kwako akimbilie wapi? Ukimnyima uwezo wa kukimbia, ulinzi umeuchukua wewe.

Tena tunaijua habari ya Abu Umayr, ndugu yake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kindege chake kikafa. Mtume (s.a.w.) hakumwambia kwamba ni kindege tu. Alimsemesha kwa upole akamuulizia habari za kindege kile, na wapo wanazuoni walioichukua hadithi hiyo kuwa ushahidi wa kuruhusiwa kufuga ndege. Basi huzuni ya mtoto kwa mnyama wake si upuuzi. Mimi asubuhi ile nilitaka kumwambia kijana wangu anyamaze. Nikaona haya.

Rai yangu ni hii: asiyeweza kununua wavu unaofaa na kusafisha kila siku, asifuge kwanza. Awaambie watoto wasubiri. Na aliyekwishafuga, akalipime banda lake leo kabla ya magharibi. Chukua penseli na kidole gumba. Kinapopita kidole gumba, panya anapita. Usingoje mtoto akuamshe.

Wabillahi tawfiq.